Onesho la mavazi Dodoma: tiketi kata ya kawaida, hela peleka mezani

Jukwaa nalipatia nyota tatu kati ya tano. Meza za mauzo nje ya ukumbi, tano zote.

Nilitoka Dar kwa SGR, daraja la kawaida, nauli sh. 31,000. Tangu treni hii ianze kufika Dodoma mwaka 2024, unashuka shati bado lina mstari wa pasi. Kwa basi ningefika nimekunjamana.

Waandaaji siwataji, ila saa zao ni za harusini. Tiketi inasema saa kumi na mbili jioni, mwanamitindo wa kwanza kapanda saa tatu kasoro. Waliolipia VIP walichotuzidi ni kiti chenye kitambaa na chupa ya maji. Spika nazo zilikoroma mpaka MC akaamua kupaza sauti tu.

Usingizi uliisha walipoingia kina mama wa Kigogo na ngoma za muheme. Ngoma wamezibana mapajani, shanga kichwani, na wanamitindo wakatembea kwa mapigo yao. Mbunifu mmoja alizishona shanga za namna hiyo kwenye kola ya koti la kaniki, watu wakasimama. Zile gauni za mkia mrefu zilizofuata, aa, hizo tunazo Dar. Swahili Fashion Week ipo kule tangu 2008. Dodoma watuoneshe vya kwao.

Sasa mezani. Unaongea na aliyeshona mwenyewe. Nilishika shati la kitenge, dada akaniambia, "Kaka, usiangalie nje tu, geuza ndani." Nikageuza: pindo limekunjwa mara mbili, hakuna uzi unaoning'inia, na maua ya kitenge yamekutana sawasawa kwenye mfuko wa kifuani, hata huuoni mfuko ulipo. Alianzia elfu arobaini na tano, tukamalizana thelathini na nane. Mikono ilinizidi, akaipunguza palepale kwa cherehani yake. Meza ya jirani bei ni ileile, ila mishono imevutana, nikapita.

Ukienda, beba taslimu, maana mtandao ulikwama na wengi walishindwa kulipa kwa simu. Bajaji patana kabla ya kupanda. Kama ni Juni au Julai chukua na sweta, upepo wa Dodoma usiku hauna utani, na kwenye foleni ya kuingia mtasimama nje.