Darubini ya kazi: anza na 8x42, ya zumu iache dukani

Darubini yangu ya kwanza niliinunua Kampala kwa kudanganywa na namba. Muuzaji alinionyesha ya zumu, yaani inayobadilika kukuza kutoka mara 10 hadi 30, imeandikwa 10-30x kwenye boksi, akasema, "Ssebo, hii inavuta mpaka mwezini." Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye mtumbwi katika kinamasi cha Mabamba na wageni wawili, korongo nyangumi kasimama katikati ya mafunjo. Nilipoizungusha hadi 30, ndege akageuka kivuli cha kijivu kinachocheza. Mgeni akanihurumia, akanipa yake ya 8x42. Nikaona hadi ile ndoano kwenye ncha ya mdomo.

Basi wenzangu mnaoongoza watalii, 8x42 ndiyo namba moja. Nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 upate 5.25: huo ndio upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Kwa 10x25 ni 2.5 tu. Saa sita mchana hutaona tofauti kubwa, maana mboni yako imejibana. Lakini uko msitu wa Kibale alfajiri, unamtafuta ndege aitwaye pita kifua-kijani kwenye majani makavu chini ya miti. Hapo mboni imepanuka, na ile ndogo inakupa giza. Tena nane inavumilia mkono unaotetemeka, na ndege kama shorobo akiruka humpotezi.

10x42 ni ya pili, ingawa kwa dereva wa mbugani sitabishana akiiweka mbele. Simba wa Ishasha akilala juu ya mkuyu haendi popote. Ila zima injini kwanza, kisha egemeza viwiko dirishani, kwa sababu inayokuza simba mara kumi inakuza na mtetemo mara kumi.

8x32 ni ya tatu, kwa wepesi wake. Ukipanda na kushuka milima ya Bwindi kutwa nzima, shingo itakushukuru.

10x25 ya mfukoni ni ya mgeni aliyesahau yake nyumbani. Ya zumu za bei ya chini, pamoja na zile zenye lenzi nyekundu kama taa ya breki, hata bure nisingechukua.

Namba zikishakupendeza, usilipe bado. Toka nayo mlangoni. Ishike mbali na uso, uielekeze angani, si kwenye jua, utazame vile viduara viwili vya mwanga. Vikiwa mviringo safi, vizuri. Ukiona pembe zimekatwa kama mraba wenye ukungu, prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni za daraja la chini. Nzuri huandikwa BaK-4, jina la aina ya kioo. Kisha soma kibao cha duka la ng'ambo ya barabara kwa dakika mbili. Macho yakianza kuvutana, au maandishi yakiwa mawili mawili, mapipa hayajanyooka. Rudisha, hata kama muuzaji anasema utazoea. Mvaa miwani atafute yenye nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya lenzi ya kutazamia na jicho, ya milimita 15 au zaidi. Na kwa mvua zetu, chukua iliyojazwa naitrojeni, isishike ukungu ndani.

Wengi hulaumu darubini ambayo hawajawahi kuiweka sawa na macho yao. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione vizuri. Kisha funga la kushoto, uzungushe ile pete iliyo karibu na jicho la kulia. Mgeni akishaiazima, irekebishe upya.

Anayeongoza vikundi akipata pesa ya darubini kubwa ya miguu mitatu, achague yenye tundu la kutazamia lililopinda nyuzi 45. Niliwahi kutumia iliyonyooka: kila mgeni mfupi alipofika nilishusha miguu, na nilipomaliza kuipandisha tena tai alishaondoka. Iliyopinda unaitega kwa kimo cha mfupi kuliko wote, wengine wanainama kidogo tu.