Mafuta Yalinyonywa Nairobi, Kidonda Kikauguzwa Moshi: Uzoefu Wangu

Mwezi Februari mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta ya tumbo na kiuno katika hospitali moja ya binafsi jijini Nairobi, kisha nikarudi kujiuguza nyumbani kwangu Moshi. Tangu wakati huo hazipiti wiki mbili bila mwanamke mwenzangu kuniuliza kwa sauti ya chini, aghalabu dukani baada ya wateja kutoka, kama inauma na kama nilipungua kilo ngapi. Maswali hayo mawili ndiyo niliyokuwa nayo mimi pia kabla ya kwenda, na sasa naona kwamba yalikuwa madogo kuliko yote. Swali ambalo hakuna anayeniuliza, nami sikujiuliza, ni hili: ukishavuka mpaka wa Namanga kurudi nyumbani Tanzania, daktari gani atakupokea?

Niseme kwanza kuhusu kilo, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Nilikuwa na umri wa miaka 41, urefu wa sentimita 162 na uzito wa kilo 78. Nimezaa mara tatu, na kila uzazi nililishwa miezi mitatu ya mtori, maziwa na supu kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo nyama uzembe ya tumbo ilikuwa na historia yake. Daktari alishika mkunjo wa tumbo langu kwa kidole gumba na cha shahada, akaniambia, "Haya ninayoyashika, dada, ndiyo ninayoweza kuyatoa. Yale yaliyoko ndani, yanayozunguka utumbo, mrija wangu haufiki. Hayo dawa yake ni chakula na mazoezi." Kisha akanilaza chali, akaniambia ninyanyue kichwa, akazamisha vidole viwili juu ya kitovu na kunionyesha jinsi misuli ya tumbo ilivyoachana kwa sababu ya mimba. Alieleza kwamba kunyonya mafuta hakuunganishi misuli hiyo wala hakukazi ngozi iliyolegea, na kwamba anayetaka hayo huhitaji upasuaji mwingine, mkubwa zaidi, wa kukata ngozi na kushona misuli. Niliitikia kwa kichwa, ila moyoni nilishakata shauri kwamba mimi nitakuwa tofauti.

Siku ya upasuaji ulitoka mchanganyiko wa mafuta na maji lita 3.2. Siku ya tano nilipanda kwenye mizani nikakuta kilo 79, yaani nimeongezeka, kwa sababu mwili ulikuwa umevimba na bado ulikuwa na maji mengi niliyojazwa. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na kilo 76. Hizo kilo mbili ndizo zote, na wala sikuibiwa, kwani wapasuaji wengi hujizuia wasivuke lita tano kwa mgonjwa anayerudi nyumbani siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo hatari za kupoteza damu na kuvurugika kwa maji ya mwili huongezeka. Kilichobadilika ni umbo: sketi zilizokuwa zikinibana kiunoni zilianza kuteleza. Anayetaka kupungua kilo 20 asiende huko.

Kabla ya Nairobi niliingia katika kliniki moja ya urembo ya Arusha, nisiyoitaja, ambako niliambiwa kwamba kazi yote huisha kwa saa moja kwa ganzi tu, na kwamba ningeweza kupanda bodaboda kurudi nilikofikia. Nilipoomba jina kamili la mpasuaji na namba yake ya usajili, mhudumu aliniambia kwamba daktari huja kwa ratiba maalumu na nisiwe na wasiwasi. Niliondoka. Kwa upande wetu madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya nao wana baraza lao, kwa hiyo jina likitajwa linaweza kuulizwa. Lisipotajwa, hakuna cha kuuliza. Muulize pia kama ni bingwa wa upasuaji rekebishi, yaani wa kurekebisha umbo la mwili, na nani atakayekuwa upande wa kichwa chako akisimamia ganzi au usingizi.

Maandalizi yalikuwa ya kawaida: wingi wa damu, kuganda kwa damu, sukari, presha, kipimo cha moyo. Niliacha vidonge vya majira vya kupanga uzazi wiki nne kabla kwa kuwa huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, na wiki mbili kabla nikaacha aspirini pamoja na vidonge vya kitunguu saumu, ambavyo binafsi sikuwahi kuvihesabu kama dawa. Anayevuta sigara huambiwa aache mapema vilevile. Bima yangu haikulipa hata shilingi, kwani urembo si ugonjwa.

Upasuaji wenyewe siukumbuki. Usiku wa kwanza naukumbuka. Nililala hotelini na mdogo wangu, na kufika saa nane za usiku shuka lote lilikuwa limelowa maji ya rangi ya waridi yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye vitundu vidogo vya kiunoni. Mdogo wangu alianza kulia akidhani natokwa na damu. Muuguzi wa zamu alipopokea simu alitueleza, bila haraka, jambo ambalo lilistahili kuelezwa mapema: kabla ya kunyonya, mafuta hujazwa maji ya chumvi yenye lidokeini ya kutia ganzi na adrenalini ya kubana mishipa ili damu isipotee nyingi, na sehemu ya maji hayo hutoka yenyewe kwa siku moja au mbili. Njia hiyo ilibuniwa na Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, katika miaka ya 1980, na ndiyo iliyopunguza sana umwagikaji wa damu uliokuwapo awali. Beba basi mpira wa kitanda na pakiti mbili za zile pedi kubwa za wazazi. Hoteli ilitutoza godoro.

Siku ya nne nilipanda shatoo, basi dogo la abiria, kurudi Moshi, kwa kuwa msaidizi wa daktari alisema siku tatu zinatosha. Pamoja na foleni ya mpakani tulitumia karibu saa saba. Nilikuwa nimekaa dirishani, nimebanwa na vazi la kubana linalovaliwa baada ya upasuaji, tangu chini ya matiti hadi mapajani, miguu imevimba kiasi kwamba viatu vya wazi viliacha alama. Nilipomsimulia daktari wa Moshi baadaye, aliweka kalamu chini akanitazama. Baada ya upasuaji damu huwa rahisi kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa muda mrefu bila kutembea huongeza hatari. Donge likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kuchoma, hiyo si ya kusubiri kesho. Leo ningekaa Nairobi siku kumi, na ningesafiri kwa gari la mtu ambaye ningeweza kumwambia asimame kila saa nitembee.

Siku ya kumi na mbili nikaona jambo jipya. Nilipogeuka kitandani, kitu kilicheza chini ya ngozi, upande wa kushoto chini ya kitovu, kama maji ndani ya dumu lisilojaa. Nilikwenda hospitali moja hapa mjini, daktari akagonga kwa vidole na kusema ni maji yaliyokusanyika pale mafuta yalipotolewa. Kisha akaomba ripoti ya upasuaji: mafuta kiasi gani yalitoka, dawa zipi na kwa vipimo gani, kama kulikuwa na tatizo lolote mezani. Nikafungua pochi nikampa nilichokuwa nacho, yaani risiti ya malipo. Aliigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi, hapakuwa na kitu.

Nilipiga simu Nairobi siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza daktari alikuwa katika chumba cha upasuaji, siku ya pili alikuwa safarini, siku ya tatu niliahidiwa barua pepe iliyofika baada ya wiki, ikiwa na mistari minne. Wakati huo daktari wa Moshi alikuwa ameshanivuta mililita 60 kwa bomba la sindano, maji ya manjano kama chai ya rangi iliyofifia, na alirudia mara ya pili baada ya siku nne. Hilo lote nililipa upya, pamoja na dawa na vazi la pili, na jumla ilifika karibu theluthi ya gharama ya upasuaji wenyewe. Simlaumu mpasuaji kwa maji kukusanyika, kwani hutokea hata kwa mikono mizuri. Ninachomlaumu ni kuniachia niondoke bila karatasi. Usitoke hospitalini bila ripoti iliyotiwa saini, na kabla ya kulipa hata amana, nenda kwa daktari wa mji wako umuulize kama yuko tayari kukupokea.

Vazi la kubana nililivaa wiki sita, wiki tatu za mwanzo usiku na mchana. Joto la Februari la Moshi kila mtu analijua. Chini ya lile vazi ngozi iliwasha, nikawa nalala sakafuni penye vigae. Mama yangu alipokuja na sufuria ya mtori aliniona nimejifunga, akacheka hadi akakaa: "Mwanangu, umejifunga kama mzazi, mtoto yuko wapi?" Anayeweza kuchagua mwezi achague Juni au Julai.

Vinundu vigumu vilivyobaki chini ya ngozi palipotolewa mafuta vilichukua miezi minne kulainika, na ganzi upande wa kushoto wa kitovu ilikaa karibu miezi sita. Ngozi ya chini ya tumbo bado imekunjamana, kama daktari alivyosema. Desemba, ndugu waliporudi nyumbani na mbuzi wakachinjwa mfululizo, niliongezeka kilo tatu, nazo hazikwenda kiunoni sana. Zilikaa mikononi na mgongoni, kwani seli za mafuta zilizotolewa hazirudi lakini zilizobaki kwingine hunenepa kama kawaida.

Hata hivyo nikivaa gauni la kitenge napendeza, sitasema uongo, na ningefanya tena, ila si kwa mpangilio ule. Vazi la pili liko kabatini, limefuliwa. Mdogo wangu ameliomba, nami nimemwambia aniletee kwanza jina kamili la daktari wake na namba yake ya usajili. Mpaka leo hajaleta.