Uniden BC125AT: skana ya mkononi kwa wanaovizia treni za mizigo na kamera

Treni ya abiria haina shida, ratiba ipo, unajua saa, unaenda unasimama unapiga picha yako. Shida ni ile treni ndogo ya mizigo, ile inayotoka yadi (uwanja wa kupangia mabehewa) na kichwa kimoja au viwili kwenda kuacha mabehewa kiwandani na kuchukua mengine. Hiyo kwenye reli za Marekani haina ratiba ya kutangaziwa watu. Wafanyakazi wanaitwa kazini, mabehewa yanapangwa, breki zinapimwa, halafu inaondoka ikishakuwa tayari, leo saa mbili kesho saa nne na kuna siku haiendi kabisa kwasababu kiwanda hakina mzigo. Programu za simu za kufuatilia treni zinakuonyesha za abiria, kwa hizi ndogo hazikusaidii kitu.

Ndo maana nasema ukitaka picha za treni hizi nunua skana usikilize mawasiliano ya redio ya reli, na kwa anayeanza mimi namshauri hii BC125AT. Ni redio ya kupokea tu, haitumi chochote. Ina nafasi za chaneli 500, zimegawanywa benki (yaani makundi) 10 za chaneli 50 kila moja, na kila chaneli unaipa jina, kwahiyo kwenye skrini unaona neno YADI au NJIA KUU badala ya namba tupu, na hilo lina maana sana ukiwa na kamera mkono mmoja. Inatumia betri mbili za AA, unaipangilia kwa kompyuta kupitia waya wa USB na nakuomba ufanye hivyo maana kuingiza chaneli kwa vitufe inachosha. Sauti za reli Marekani na Kanada nyingi ziko kati ya MHz 160 na 162 na hii inazipokea vizuri tu.

Sasa utamu wenyewe. Kando ya reli nyingi kuna mashine za ukaguzi, zinapima joto la beringi za magurudumu na kuangalia kama kuna kitu kinaburuzwa chini ya behewa. Treni ikimaliza kupita mashine inaongea yenyewe kwenye redio: inataja jina la reli, nguzo ya maili, kwamba hakuna hitilafu, na mara nyingi jumla ya ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili. Watu wengi wanasikia hapo "treni inakuja" wanaishia hapo, lakini ile hesabu ya ekseli ndo inakwambia ni treni gani! Behewa la kawaida lina ekseli 4. Vichwa vikubwa vya safari ndefu vingi vina 6, ila vile vya zamani vinavyopewa kazi hizi ndogo, mfano GP38-2, vina 4. Ukisikia mashine imesema ekseli 68, toa 8 za vichwa viwili vya namna hiyo, zinabaki 60, hayo ni mabehewa 15, na hiyo karibu hakika ndo treni yako. Ikisema ekseli mia tano hiyo ni ndefu ya njia kuu, kama huitaki endelea na chai yako.

Halafu piga hesabu ya muda. Mashine iko maili ya 42, wewe umesimama maili ya 52, treni inakwenda maili 25 kwa saa, una dakika 24 hivi, zinatosha kuhama upande wa pili kufuata jua. Lakini usiamini dakika hizo kama kuna kiwanda katikati. Sikiliza mazungumzo, ukisikia kondakta anamhesabia dereva mabehewa yaliyobaki kabla ya kugusana, matano, mawili, moja, simama, ujue wapo kwenye kupangapanga na watachukua muda. Kwenye njia zisizo na taa za ishara ndo raha zaidi, kwasababu msimamizi wa treni anawasomea ruhusa kutoka sehemu fulani mpaka sehemu fulani na wao wanairudia neno kwa neno, yaani safari yote unaisikia mara mbili.

Chaneli nyingine ya kuweka ni 457.9375 MHz. Hiyo ni ya kile kifaa cha taa kinachofungwa kwenye behewa la mwisho, kinatuma habari za shinikizo la breki kwa mlio mfupi wa data, sio maneno. Mawimbi yake hayafiki mbali, kwahiyo ukisikia ule mlio andaa kamera.

Na ukikosa ya asubuhi usiondoke. Sheria ya Marekani hairuhusu wafanyakazi wa treni kuwa kazini zaidi ya saa 12, na nyingi ya treni hizi zinarudi yadi ileile zilikotoka, kwahiyo ikianza kazi saa moja asubuhi lazima wawe wamemaliza kabla ya saa moja jioni, na mchana unaipata ikirudi, pengine kichwa kikiwa kimegeuka nyuma mbele kama hakuna pa kukigeuzia.

Pia skana hii ina kitu kinaitwa Close Call, inakamata yenyewe redio yenye nguvu iliyo karibu. Simama nje ya uzio wa yadi, iwashe, utapata chaneli wanayotumia bila kuuliza mtu.

Mapungufu yapo. Haipokei mawasiliano ya dijitali, kwahiyo kama reli ya kwenu imehamia NXDN, ambao ni mfumo wa redio wa dijitali, usiinunue, hutasikia kitu, hakikisha kwanza. Antena inayokuja nayo ni fupi, inafaa ukiwa karibu na reli tu, bahati nzuri mdomo wake ni BNC, ule wa kuchomeka na kuzungusha kidogo, hivyo kubadilisha ni rahisi. Na kuna sehemu zile mashine za kando ya reli zimepangwa zisiseme mpaka kuwe na hitilafu, hapo unabaki na mazungumzo ya watu peke yake, na wafanyakazi wengine hawaongei sana.

Angalia sheria pia, baadhi ya majimbo Marekani yanazuia skana ndani ya gari. Na tafadhali simama nje ya eneo la reli, kusikia treni iko mbali maili kumi hakukuhakikishii kwamba hakuna nyingine inayokuja kutoka upande wa pili kimya kimya.

Kwa reli ambazo bado zinatumia redio za analogi, yaani zisizo za dijitali, mimi naipa nyota nne na nusu. Ile nusu imeondoka kwa sababu ya antena, kwahiyo agiza na antena ndefu ya masafa ya MHz 160 siku hiyohiyo.