JSC ya Kenya: viti kumi na kimoja, na mlango unaokwama

Anza kwa kuhesabu. Tume ya Huduma za Mahakama, ambayo kila mtu huiita JSC, ina makamishna 11 kwa mujibu wa Kifungu cha 171 cha Katiba ya 2010. Sita huingia kwa kura za wenzao: jaji wa Mahakama ya Juu, wa Mahakama ya Rufaa, wa Mahakama Kuu, hakimu mmoja na mawakili wawili. Wanne hufika kwa mkono wa serikali: Mwanasheria Mkuu, mtu aliyependekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma na wawakilishi wawili wa umma. Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti. Sita kati ya 11 ni wengi, lakini kwa kiti kimoja tu, na hicho kimoja ndicho kinacholeta ugomvi wote tutakaoueleza.

Kwa jinsi wajumbe wanavyopatikana, tunaipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Anayedhani tumebana avuke Namanga kwanza. Tume ya Utumishi wa Mahakama ya Tanzania ina wajumbe sita: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Jaji Kiongozi, jaji mmoja wa Rufani na wengine wawili. Wote sita, kwa njia moja au nyingine, ni wateule wa Rais. Hakuna anayeomba kura popote.

Kura ya Mahakama ya Juu ni nyepesi kuliko zote. Majaji ni saba, hivyo kura nne zinatosha, na kampeni inaweza kuisha kabla chai haijapoa. Kura ya Rufaa haitofautiani sana. Utamu, na uchungu, uko kwa jaji wa Mahakama Kuu na hakimu. Hawa wawili huchaguliwa na wanachama wa chama chao cha majaji na mahakimu, na lazima mmoja awe mwanamke na mwingine mwanamume. Kwa kuwa viti hivyo havilazimiki kuwa wazi siku moja, jinsia ya aliyebaki hufunga mlango kwa nusu ya wanaotaka kugombea. Hakimu aliyepo akiwa mwanamke, jaji wa kike asijisumbue kuchukua fomu.

Kasoro kubwa ya kura hii ni hesabu ya wapigakura. Mahakimu ni wengi kuliko majaji, kwa hiyo jaji anayetaka kiti huwabembeleza mahakimu. Hao hao ndio tume inayowaajiri, kuwapandisha vyeo na kuwatia adabu. Mtu anaomba kura kwa watu ambao kesho atakaa mezani kuamua kama wanastahili kupanda ngazi. Jambo jingine: maandishi ya kifungu yanataja Mahakama Kuu peke yake. Mahakama ya Mazingira na Ardhi na ile ya Ajira, ambazo zina hadhi sawa nayo, hazikutajwa.

Mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja awe na uzoefu wa miaka 15 au zaidi, huchaguliwa na wanachama wote wa Chama cha Mawakili. Kiti cha mwanamke hugombewa na wanawake tu, ila mawakili wote hupiga kura. Viti hivi vya mawakili ndivyo vyenye uhuru mkubwa zaidi, na pia vyenye mgongano wa wazi zaidi. Chini ya Kifungu cha 168, JSC hupokea malalamiko ya kutaka jaji aondolewe na kuamua kama yapelekwe kwa Rais ili aunde jopo. Kamishna huyo huyo bado ni wakili: Jumatatu anasimama mbele ya jaji akisema "Mheshimiwa", Jumanne faili la malalamiko dhidi ya Mheshimiwa liko mkononi mwake.

Viti vya umma ndivyo tunavyovikatia alama. Katiba inataka mwanamke na mwanamume wasio wanasheria, walioteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Wazo ni zuri, na mtu asiye mwanasheria anaweza kuibeba kazi: Aprili 2021, kiti cha Jaji Mkuu kikiwa wazi, Profesa Olive Mugenda ndiye aliyeongoza mahojiano ya kumtafuta, wanasheria wakiketi kando yake. Lakini huo umma wenyewe hauulizwi popote.

Tatizo kubwa zaidi liko mlangoni, kati ya kushinda kura na kuketi. Mwaka 2018 Jaji Mohammed Warsame alichaguliwa tena na majaji wenzake wa Rufaa. Badala ya kuingia kazini, jina lake lilipelekwa bungeni apigwe msasa. Hoja ya serikali ilitegemea Kifungu cha 250, kinachosema wajumbe wa tume za kikatiba huidhinishwa na Bunge la Kitaifa, na JSC ni mojawapo ya tume hizo. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba Kifungu cha 171 kinataja idhini ya Bunge kwa wawakilishi wa umma pekee. Wengine kura imetosha. Mahakama Kuu ilikubaliana na upande wa pili.

Rudi kwenye hesabu ya mwanzo uone kwa nini watu waligombania jina moja hivyo. Ukimzuia mmoja wa wale sita nje ya mlango, makamishna wanabaki 10, na waliochaguliwa ni watano.