Kuandika upya, au kusafisha msimbo kwa majaribio?

Msimbo wa programu ya wavuti ukishafungamana, njia ni mbili: kuutupa na kuandika upya, au kuusafisha kidogo kidogo ukiongozwa na majaribio, yaani vipande vidogo vya msimbo vinavyokagua kama programu inatoa matokeo yanayotarajiwa.

Kuandika upya kunavutia, lakini watumiaji husubiri. Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari cha wavuti, ilishika njia hiyo mwaka 1998. Toleo la 6 la kivinjari hicho lilitoka Novemba 2000, na washindani hawakuwa wamelala. Isitoshe, msimbo wa zamani umebeba marekebisho ya hitilafu ambayo hayakuandikwa popote pengine.

Njia ya pili ndiyo ninayoiamini. Chukua funksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kufanya kazi fulani) inayokokotoa punguzo la bei huku ikisoma hifadhidata na kutoa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, papo hapo. Kwanza andika jaribio linalonasa matokeo yake ya sasa, hata yakikushangaza: kikapu kitupu cha manunuzi kinarudisha 0 au kosa? Likipita, hamishia hesabu kwenye funksheni yake, endesha majaribio, hifadhi. Sheria mpya ya punguzo ikija, jaribio lake liandikwe kwanza, lifeli, ndipo msimbo ufuate. Jaribio la zamani likifeli, chanzo hakiko mbali, maana umegusa mistari michache tu.

Kuandika upya nakukubali pale tu teknolojia ya msingi inapokuwa haipati tena marekebisho ya usalama. Hata hapo majaribio yaleyale yatakufaa, hasa yanayopitia kivinjari.