Upinde wangu wa mkole, baada ya masika moja

Nlisema nikitimiza mwaka ndo ntaandika, sababu mtu akinunua kitu leo akaanza kukisifu kesho bado hajakijua. Bas mwaka umetimia na masika imeshapita juu yake kwahivo nakwambieni.

Upinde ni wa mti mtupu, kijiti kimoja cha mkole, hauna gundi hauna faiba hauna chuma hata kidogo. Urefu futi tano na nusu, nikiusimamisha chini unanifika puani. Kautengeneza fundi mmoja wa Unguja ambae kazi yake ya kula ni milango na vitanda, pinde anafanya kwa mapenzi na kwa oda tu. Jina silitaji kwasababu kuna pahala ntamsema kidogo huko chini. Nlilipa laki na themanini na mishale sita ndani yake, aliniambia wiki sita na mie nikasubiri miezi minne, kila nikipiga simu "mti bado haujakauka mwanangu". Wakati ule nilikereka, saivi namshukuru, mana mti mbichi ukichongwa upinde unapinda ukabaki umepinda.

Mkole si mti wa kubahatisha. Hata Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, watu ambao upinde kwao ndo kitoweo, miti ya jamii hiyo ni miongoni mwa wanayochongea pinde zao. Fundi alinionyesha kitu sikuwa nakijua, kwamba upande wa nje unaotazama mbele, yeye anauita mgongo, hakutia randa wala panga, kamenya gome bas akaacha nyuzi za mti zikae kama Mungu alivyozipanga. Kuchonga kote kafanya upande wa ndani, tumboni. Ukivuta, mgongo unavutwa na tumbo linabanwa, sasa ukikata nyuzi za mgongoni hapo hapo ndo utapovunjikia. Ukiupitisha mkono unazisikia nundu ndogo ndogo za vifundo vya matawi na kote kavizunguka, hakuvikata. Kwa kazi hii peke yake mie sina la kumlaumu.

Kuuvusha Pemba ndo kulikuwa kisa. Bandarini askari ananiuliza hii nini, namwambia upinde, wa nini, wa mishale, akamwita mwenzake, mwenzake akaita mwengine. Mwisho wakataka kujaribu kuutia ugwe, ile kamba yake ya kuvutia, wote watatu wameshindwa, wakacheka wakaniambia pita zako. Kufika bandari ya Mkoani, Pemba, konda wa gari akanitoza mzigo akasema fimbo ya pazia hiyo. Nikalipa.

Sasa kuupiga. Mwenye kuzoea zile pinde za kisasa za magurudumu na kioo cha kulengea hapa atajiona mtoto. Hakuna cha kulengea. Unatazama pale unapotaka mshale ufike, unavuta mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo, unaachia, na mkono wenyewe unajifunza, kama vile ulivyokuwa ukipopoa embe utotoni hakuna aliekufundisha hesabu. Wiki ya kwanza nikapiga kila kitu isipokuwa gunia. Mwezi wa pili hatua ishirini mishale mitano kati ya sita inaingia, hatua arubaini naomba dua tu. Sauti yake ni ndogo, tap, alafu kimya, ndege mtini hata haruki. Hicho ndo kitu nilichokipenda zaidi wallahi, baada ya Alasiri nikiwa shamba nyuma ya mikarafuu napiga mpaka magharibi inanikuta.

Mkono utaumia, mjue kabisa. Ugwe unapita ukachapa ndani ya mkono wa kushikia, mie nilipata wekundu wa langi ya bilingani, mke wangu akauliza umepigana na nani. Nikakata ngozi ya kubadhi la zamani, kipande nikafunga mkononi na kipande nikatia vidoleni, mambo yakaisha.

Haya, ugwe. Hapa ndo namsema fundi. Upinde mzuri namna ile kautia ugwe wa nailoni, mshipi wa kuvulia! Nailoni inavutika. Asubuhi unafunga, nafasi kati ya ugwe na upinde iko sawa, ngumi moja na dole gumba limesimama juu yake, ukishapiga mishale kumi ngumi tupu haiingii. Ikishuka vile mshale unatoka mvivu na kichapo cha mkono kinazidi. Nimehangaika wiki tatu nikidhani mie sijui kupiga. Mwisho nikasokota mwenyewe kwa uzi wa polista wanaotumia mafundi viatu, nyuzi kumi na mbili, nikapaka nta ya nyuki, tangu siku hiyo haujalegea tena. Nilipompigia kumwambia akajibu "ah, nailoni ilikuwepo". Sina la kuongeza.

Mishale nayo nusu kwa nusu. Ni ya mwanzi, mizuri kutazama, manyoya ya bata bukini matatu matatu yote ya bawa la upande mmoja, hilo kapatia, ukichanganya bawa la kulia na la kushoto mshale unachanganyikiwa hewani. Lakini mianzi yenyewe hailingani. Ukiibonyeza kwa kidole miwili migumu kama fimbo ya mwalimu, na hiyo miwili kila siku inakwenda kushoto, mmoja laini unakimbilia kulia (mie napiga kwa mkono wa kulia). Sababu upinde wa mti hauna tundu katikati, mshale lazima ujipinde kidogo kuuzunguka ndo unyooke, ukiwa mgumu haujipindi. Kwahivo mishale sita nlonunua ni mitatu. Mwambieni aichague mbele yenu, akikasirika akasirike.

Na msipige mnazi. Kila kijana akiona upinde jambo la kwanza anataka kupiga mnazi, mshale unaingia hautoki, ukiung'oa umeacha kichwa ndani. Mie nimejaza gunia la karafuu matambara na usumba nikalishindilia mpaka likawa kama godoro la hospitali.

Masika sasa. Hii ndo habari ambayo fundi hakuniambia wala wengine hawaiandiki kwa vile wao wanaishi kwenye baridi kavu. Mti hunywa unyevu wa hewa. Mwezi wa nne hapa Wete hata chumvi inalia kwenye kopo, na upinde ulikuwa ukutani kama pambo. Nilipouchukua kuuvuta nikaona laini, raha kweli, nikadhani nimepata nguvu. Kumbe. Nikenda kwa jirani muuza pweza nikaazima ile mizani ya kuning'iniza. Ulipokuja mpya, ukivutwa inchi 28, nguvu yake ilikuwa kilo 17, yaani ratili kama 38 hivi (fundi alisema 40, tumsamehe). Mara hii kilo 15 na nusu, ratili 34. Na ukifungua ugwe hauji ukanyooka, umebaki na kibiongo cha vidole viwili.

Mzee mmoja wa pwani, fundi wa ngalawa, akanishauri nipake sifa, yale mafuta ya maini ya papa, kama wanavyopaka vyombo, maji hayataingia. Nikapaka. Maji hayakuingia kweli lakini na mie sikuingia ndani, nyumba nzima papa, upinde ukalala uwani siku tatu na mie nusura niufuate. Nikaufuta kwa majivu na kitambaa, nikatia nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kitani tabaka kwa tabaka, hii ndo inafaa. Saivi unalala juu ya kabati, umelazwa, haukuegemezwa pembeni, umefungwa kanga, na ugwe umefunguliwa KILA siku nikimaliza. Usiuache umefungwa ugwe ndani ya gari juani hata dakika kumi. Kaskazi ilipokaza umerudi kilo 16, kibiongo kimebaki kidogo, fundi anasema hicho ndo cha maisha.

Kuna kosa moja langu nalikiri. Mtoto wa ami yangu, mrefu kama minara, alikuja sikukuu akaomba aujaribu, kabla sijasema neno kauvuta mpaka sikioni alafu kaachia bila mshale! Nguvu yote iliyokuwa iende kwenye mshale ikarudi kwenye mti. Nikasikia kama kuni inaalika. Haukuvunjika alhamdulillah, lakini tumboni kuna mikunjo myembamba imetokeza kama ya ngozi ya uso wa mzee, kila mwezi naitazama kwa tochi, haijazidi. Tangu hapo upinde hauazimwi, hata kwa ami mwenyewe.

Vijana wa mtaani wananiomba twende Kidike, kule wanakolala popo wakubwa wa Pemba, tukapige popo. Hapana. Popo wale hawapo kwengine duniani ila Pemba, na mie nimenunua upinde kwa michezo na kwa ile raha ya sunna ya kurusha tuliyosomeshwa chuoni, sikununua kwa ajili ya kuua.

Basi kwa anaeuliza ninunue au nisinunue: upinde nyota nne, mishale mbili na nusu, ugwe moja, na hiyo moja ni ya fundi kunifanya nijifunze kusokota. Mie nimeshaagiza wa pili, wa mwanangu wa miaka kumi na mbili, ratili 20 tu. Nimemwambia fundi akate mti kaskazi, aukaushe mpaka vuli ipite, na ugwe asitie, ntautia mie.