Lebo za aina za magemu dukani: uzoefu wangu

Huu ni mwaka wa tatu nanunua magemu ya kompyuta kwenye duka moja la mtandaoni. Bei zake sina ugomvi nazo, na malipo yanapita bila shida. Nazungumzia zile lebo za aina zinazobandikwa chini ya kila gemu, maana ndizo ninazoamulia, na zimeshanila hela na bando.

Desemba nilimnunulia mdogo wangu gemu lililoandikwa "mapambano, safari, RPG" (RPG ni gemu la kuigiza mhusika na kumkuza). Lilikuwa GB 11, nikalishusha kwa bando la usiku. Asubuhi akalikalia. Baada ya saa moja na nusu akaja chumbani: "Kaka, gemu limefuta kila kitu." Nikaenda kuangalia. Upanga aliouokota haupo, ghorofa nne alizoshuka hazipo, na pale alipozoea kukuta mlango pamekuwa ukuta. Gemu lilikuwa zima. Ndivyo lilivyotengenezwa: ukifa umekufa, na ramani inapangwa upya. Jamii hiyo ina jina lake, na imetokana na Rogue, gemu la mwaka 1980 lililochorwa kwa herufi na alama za kibodi tu, shujaa mwenyewe akiwa alama ya @. Lebo ya "mfano wa Rogue" kumbe ilikuwepo, lakini mwishoni kabisa, mpaka ubonyeze alama ya kujumlisha ndipo uione.

Toka siku ile nazisoma hizi jamii kwa makini. Mwaka 2008 watengenezaji wa magemu ya namna hiyo walikutana Berlin wakaandika vigezo vyake: ramani ya kubahatisha, kifo kisichofutika, kucheza kwa zamu, kutembea mraba kwa mraba. Ukivifuata kikamilifu, gemu la Hades la mwaka 2020 linabaki nje, kwa sababu mapigano yake hayangoji zamu, na ukifa unarudi nyumbani na sehemu ya ulichochuma. Wapo wanaosema ubishi huu ni wa bure. Mimi sikubali. Kwa anayelipia kila GB, kuanza sifuri au kubaki na kitu ndiko kunakoamua kama mdogo wangu atalimaliza gemu au ataliacha siku hiyo hiyo.

Kinachonikera zaidi ni aina kuitwa kwa jina la gemu jingine. Gemu la Doom lilipotoka mwaka 1993, yaliyofuata yaliitwa nakala za Doom, mpaka likapatikana jina linaloeleza kitendo chenyewe: kupiga risasi kwa macho ya mhusika. Aina iitwayo Metroidvania bado haijapata bahati hiyo. Asiyewahi kugusa gemu la Metroid wala la Castlevania ataelewa nini hapo? Waandike "ramani moja kubwa, njia zinafunguka kadiri unavyopata uwezo", kila mtu ataelewa.

Kwenye kibanda cha PS nilichokulia kulikuwa na mpira, ngumi, magari na misheni. Basi. Hujatoa hata hela mfukoni, unajua mikono yako inakwenda kufanya nini.

Duka hili nalisifu kwa jambo moja kubwa: wachezaji wenyewe wanaruhusiwa kubandika lebo, na lebo iliyobandikwa na wengi inapanda juu. Gemu lenye wachezaji wengi hupangwa vizuri kuliko alivyolipanga muuzaji. Gemu jipya au lisilojulikana ndilo la kuogopa. Hapo fungua lebo zote, kisha tazama video ya mtu akilicheza, hasa pale anapokufa. Kwa huduma hii ya lebo natoa nyota 3 kati ya 5. Ya nne nitaiongeza siku watakapoandika waziwazi, kabla ya kitufe cha kununua, ukifa unapoteza nini.

Juzi nimechukua gemu la Slay the Spire. Lebo zake za mbele kabisa zilikuwa karata, zamu, mfano wa Rogue, na zote ni kweli. Nikamweleza dogo kabla hajashika kipanya. Jumamosi akafia kwa bosi wa kwanza. "Hapa tunaanza upya, si ndiyo?" akauliza, na tayari alikuwa ameshamchagua tena mhusika wake, Ironclad.